Siku ya Kuchinja Aliisema Bi Burulkan

Huku kwetu milimani, baridi ikikaribia, nyumba hufungwa chumba kwa chumba. Kwanza hufungwa chumba cha wageni, kwa kuwa kina madirisha mapana na kinakula moto bure. Kisha chumba cha watoto, kisha cha maharusi, mpaka mnabaki na kile chenye jiko la matofali. Humo mnapika, mnalala, mnanuniana na kupatana hadi Aprili. Nasikia wapo watu wenye makaa ya mawe ya kutosha kupasha nyumba nzima. Wanaishi mbali na mimi.

Anarkul ni jirani yangu, ua wetu ni mmoja. Alizaliwa bondeni huko Chuy, kwenye mashamba ya viazi sukari, mahali ambapo mtu akivaa koti zito anajiona amepambana na baridi. Akaolewa huku juu na Mirlan, kitindamimba wa Bi Burulkan. Desturi yetu mnaijua: mtoto wa kiume wa mwisho hahami. Nyumba ya wazazi ni yake, na wazazi wenyewe ni wake pia. Mirlan hata hivyo akahama, akaenda Urusi kujenga nyumba za watu. Desturi ikabaki imekaa pale jikoni, ikimsubiri mkewe aamke awashe moto.

Hawakuwa na mtoto. Mtampataje mtoto, na mume anakuja nyumbani wiki mbili kwa mwaka, nusu yake amelala?

Mwaka ule, viazi vikiwa bado shambani, Mirlan alipiga simu akasema amepata chumba, na kwenye kiwanda cha mikate jirani na kazini kwake wanataka wanawake. Anarkul alikuja mbio uani kunieleza, mikono imejaa udongo. Wiki chache baadaye akapiga tena, na safari hii Anarkul hakuja mbio. Alisimama kwenye ua akichuna mbao zake kwa kucha.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema amechoka kuwa mume wa simu. Nisipokwenda kabla ya mwaka mpya hataniita tena."

"Ana mtu?"

"Sijui, dada Zuura. Sikumuuliza. Ukiuliza unajibiwa."

Basi akaenda kwa mama mkwe wake kumwomba ruhusa. Na hapo, jamani, Bi Burulkan nilimvulia kofia. Hakulia, hakushika kifua. Alisema, "Nenda, mwanangu. Mume ni mume. Nitengenezee nyumba tu, nyama ining'inizwe, kisha uende zako. Sayra atakuja kukaa na mimi." Sayra ni binti yake mkubwa, mjane, anakaa mji wa wilaya upande wa pili wa mlima. Walipanga kwamba gari litakalomshusha Anarkul ndilo litakalompandisha wifi yake.

Nilipoelezwa haya niliweka ndoo chini.

"Umekubali mpaka nyama?"

"Nimekubali."

"Wewe msichana una wazimu. Ungekubali kuziba madirisha ukaishia hapo."

Alicheka. Alidhani natania, na mimi nilikuwa na hasira kweli. Kwa sababu ng'ombe wa majira ya baridi hachinjwi mpaka baridi ishike sawasawa, nyama igande ghalani na ibaki imeganda hadi itakapokwisha. Umeme wetu hauwezi kuwasha balbu na redio kwa pamoja, sembuse friza. Ukiwahi kuchinja, nyama inaoza, mnakula viazi mpaka majani yaote. Na baridi hiyo inayotunza nyama ndiyo hiyo hiyo inayofunga barabara ya mlimani. Kati ya nyama na kufungwa kwa mlima, mwaka mwingine Mungu anatupa wiki nzima, mwaka mwingine siku mbili. Anarkul alilijua hilo, hakuwa mgeni tena. Alitumaini tu kwamba mwaka huu ungekuwa mwema kwake.

Alifanya kazi kama anayefukuzwa. Samadi ya zizini tunaikata mapande wakati wa masika, tunaianika iwe kuni. Aliyapanga mapande yale ukutani hadi yakafika kwenye dari ya banda. Makaa ya mawe walipata nusu ya mzigo, na sehemu kubwa ilikuwa vumbi. Alilikanda lile vumbi kwa udongo na maji, akafinyanga madonge, akayapanga juani. Kwa wiki nzima hakuna sabuni iliyoweza kumtakasa. Aliziba nyufa za jiko, akashusha viazi shimoni chini ya sakafu, akagongomea sufu nzito kwenye mlango. Dirisha la upande wa upepo alilifunika kwa nailoni aliyoibandua kwenye godoro jipya la mtu.

Nilimsaidia madirisha. Tulifumua mfarishi mmoja mkuukuu, pamba yake tukaishindilia kati ya fremu mbili, kisha tukabandika vipande vya gazeti kwa uji wa unga wa ngano kwenye kila upenyo. Ukishabandika, dirisha halifunguliwi tena mpaka masika. Bi Burulkan alikaa kwenye kigoda, miguu yake mibovu ameielekeza jikoni, akitusimamia.

"Pale juu panavuta upepo."

"Pale juu nimebandika mara mbili, Mama."

"Bandika ya tatu. Nitakaa humu na Sayra, na Sayra akipata mafua dunia nzima inaambiwa."

Anarkul alibandika ya tatu. Alipomaliza dirisha la mwisho chumba kikawa kimya kwa namna ambayo masikio yanaziba. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kila mwaka dakika ile huona kama yeye ndiye aliyetiwa pamba. "Mwaka huu nimejikaza," akasema. "Mwaka huu nawafungia wengine."

Ikabaki nyama. Nyumba nne tulikuwa tumechangia ng'ombe mmoja, robo kila nyumba, kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye ubavu wa kuchinja peke yake. Katika shirika la namna hiyo, aliye mkubwa kuliko wote ndiye anayetaja siku. Mkubwa wetu alikuwa Bi Burulkan.

Alhamisi niliamka nikakuta ndoo ya uani imeganda hadi chini. Nikaipindua, barafu ikatoka nzima. Jumabek, mwenye kisu kati yetu, alikuja na buti zake akiwa amekwisha kukinoa. Tukakusanyika kwa Bi Burulkan. Akatoka na mkongojo, akatazama mbingu, akavuta hewa puani.

"Bado," akasema. "Kesho itayeyuka."

"Mama, ndoo ya Zuura imeganda hadi chini," Jumabek akasema.

"Basi chinjeni ndoo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Bi Burulkan, nimezaliwa huku mimi. Baridi hii imeshika." Akanitazama kutoka ndani ya kitambaa chake cheupe, akasema, "Umezaliwa huku, na nilikuwepo ulipozaliwa." Jumabek akarudisha kisu alani. Anarkul alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kuoshea matumbo, akalirudisha ndani.

Kubat, mwenye mkweche unaopanda na kushuka mlima, alikuwa anashuka Jumamosi. Ijumaa jioni nilimwita Anarkul uani.

"Panda gari kesho. Nyama yenu nitaishika mimi, na matumbo nitaosha mimi. Nitaitia chumvi kama yangu."

"Nilimwahidi."

"Amekukataza kuondoka?"

"Hajanikataza. Nimemuuliza mara mbili. Anasema, 'Mimi sikushiki, mwanangu. Kama unaona ni sawa niachwe kabla ya nyama, nenda.'" Aliiga sauti yake vizuri mno, mpaka tukacheka, halafu akaacha kucheka. "Nitaondokaje hapo, dada? Nionyeshe pa kutokea."

Kama Bi Burulkan angemkataza, msichana angebishana, angelia, angebeba begi akaenda. Mtu asiyekushika unajivutaje kutoka mikononi mwake?

Jumamosi Kubat akashuka bila yeye, akasema atashuka tena Jumanne. Haikuyeyuka Ijumaa, haikuyeyuka Jumamosi. Jumapili usiku Bi Burulkan akatuma ujumbe kwamba tuchinje kesho.

Jumatatu Anarkul alifanya kazi ya wanawake watatu. Aliosha matumbo kwa maji yaliyokuwa yakiganda kwenye vidole, akachoma kichwa na kwato, akatia chumvi, akatundika mapande ghalani yakiwa yamefunikwa kwa shuka safi. Alifua na aproni. Usiku begi lake lilikuwa mlangoni.

Jumanne alfajiri kulikuwa kweupe tayari, na theluji ilikuwa inaanguka taratibu, bila upepo. Tulimsindikiza hadi barabarani. Bi Burulkan alitoka na mkongojo wake mpaka getini, akambusu kwenye paji la uso, akamfungia mkate kwa kitambaa. Nilimtazama usoni nikitafuta kitu, nisione.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Mlimani walikuta kizuizi kimeshushwa na watu wa barabara wanakunywa chai ndani ya kibanda chao. Upande wa pili Sayra, aliyekuwa amepanda kuja kulipokea gari, naye alikuwa amerudishwa. Wale watu wakasema mlima umefungwa, na kufungwa kwake si kwa siku mbili, ni hadi masika. Pale kwenye kizuizi mtandao unashika, kwa hiyo Anarkul alimpigia mumewe. Kubat ndiye aliyenisimulia, maana yeye alikuwa kwenye usukani. Alisema simu haikuchukua hata nusu ya sigara. Anarkul alieleza, akasikiliza, kisha akasema, "Haya." Njia nzima ya kurudi alishika ule mkate mapajani.

Nilimsaidia kuingiza begi. Sikuwa na haja ya kulibeba, begi lilikuwa jepesi, lakini sikutaka aingie peke yake. Chumba kilikuwa na joto zuri. Hakikuvuta popote. Bi Burulkan alikuwa amekaa karibu na jiko akimenya viazi, na mezani kulikuwa na bakuli mbili za chai ya maziwa na chumvi, zimekwisha kumiminwa, zinatoa mvuke. Mlango wa geti unasikika kutoka pale, kwa hiyo tuseme aliusikia.

Anarkul hakuvua viatu. Nyumba zetu mtu haingii na viatu, hata polisi huvua.

"Mama. Alhamisi nyama ingekaa bila kuoza?"

Bi Burulkan alimaliza kiazi alichokishika, akakitia majini.

"Ingekaa."

"Ulijua?"

"Nimetundika nyama mumeo hajazaliwa. Nitakosaje kujua?"

Niliona aibu kuwa pale, na sikuondoka. Anarkul alisema, "Amesema nikae na wewe. Mwanao. Amesema, 'Basi kaa na mama,' akakata."

Yule bibi akaficha mikono chini ya aproni. "Sayra atanipikia," akasema. "Atanifulia, atanibeba ikibidi. Hatazungumza na mimi mpaka masika, ndivyo alivyo tangu mdogo. Wewe unanigombeza. Unaniiga sauti ukidhani sisikii. Nimeogopa kukaa humu na mtu aliyenyamaza, Anarkul. Nimeogopa kufa hivyo."

"Ungeniambia hivyo."

"Ningekuambia ungebaki?"

"Nisingebaki."

"Basi."

Nilidhani Anarkul atamrushia kitu. Nilikuwa tayari hata kumshika, ingawa Mungu anajua mkono wangu ungekwenda polepole. Anarkul aliuweka mkate mezani, kati ya zile bakuli mbili. Uso ulikuwa umemwiva, mishipa imesimama shingoni. Alimnyooshea kidole mama mkwe wake, jambo ambalo sijawahi kuona mkaza mwana wa kwetu akilifanya.

"Sikiliza, Mama. Mwakani wewe hutasema. Sijali mvi zako. Mwakani siku ya kuchinja nitaisema mimi."

Bi Burulkan aliinua macho. Alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta.

"Sawa, mwanangu," akamwambia. "Mwakani utasema wewe."

Kidole cha Anarkul kilibaki hewani kidogo, kisha nikamwona akijiziba mdomo kwa mkono, kama aliyesikia sasa hivi kwamba neno 'mwakani' limemtoka.