Ngao ya Rubani

Jumatatu nilikuwa kwa mchonga mihuri hapa Nizwa, Omani, nangoja muhuri wangu, akaingia bibi mmoja kakumbatia ngao ya mbao iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, bibi," alisema fundi, naye mwenzetu wa Unguja.

"Marahaba, mwanangu. Nichongee jina la mshindi wa mwaka huu."

Ngao ile hupewa kila mwaka rubani wa majaribio aliyeongoza vyema kazi ya kiufundi. Ina jina la mwanawe bibi huyu, marehemu, naye alikuwa rubani wa majaribio. Wenye tuzo humwachia yeye aipeleke kuchongwa, wakiona ndiyo heshima.

Fundi aliyafuata maneno ya juu kwa kidole. "Alifanya nini hasa, bibi, hata wakamuenzi hivi?"

Bibi alikuwa akikunja kanga, ncha kwa ncha. "Aliwaandikia wakubwa wake kwamba mkia wa ndege unatikisika. Wakamwambia kaandika vizuri sana, lakini airushe tena mara moja, wapate yakini."

"Wakaipata?"

"Waliipata." Akaikunjua kanga, akaanza kuikunja upya.

Fundi akawasha mashine. Bibi alifumba macho mpaka kelele zikaisha, kisha akapapasa herufi mpya. "Huyu yu hai," alisema. "Akiwaambia kitu, inshallah watamsikiliza."

Nilichukua muhuri wangu bila hata kuujaribu. Sisi watu wa ajabu. Anayetuonya twamtaka ushahidi, na akishakuwa yeye mwenyewe ndiye ushahidi, twamtundika ukutani, mama yake apanguse vumbi.