Meza ya Kabaila Iliyoishia Nambilanje

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali pale Nachingwea, sikushika randa wala msumeno. Fundi Mkuu alinipa kitambaa chenye nta akanionyesha meza moja nyekundu iliyokuwa pembeni. "Sugua," akasema. "Ukishaijua hii, hayo mengine nitakufundisha."

Meza ile ililetwa na Mwingereza wa mashamba ya karanga, mtoto wa ukoo wa makabaila huko kwao. Nembo ya ukoo, simba mwenye taji, ilichongwa upande wa chini wa bawa lake moja la kukunjwa. Alipoondoka, aliiacha. Ilikuwa ya mkangazi, tena ya kazi nyingi: ukikunja mabawa yake, ni dawati la mtu mmoja, ukiyafungua na kuzungusha mguu wa tano uyabebe, familia nzima inakula, ukigeuza ubao wa juu, unakuta kitambaa cha kijani cha kuchezea karata. Haikuwa na msumari hata mmoja. Viungo vyote vilikuwa vya ulimi, yaani ncha ya mti mmoja huchongwa ikaingia kwenye tundu la mwenzake, kisha ikashikwa kwa gundi.

"Mbao hutanuka masika, husinyaa kiangazi," alikuwa akisema Fundi Mkuu. "Ukiipiga msumari, umeitia kamba shingoni."

Nilipohamishiwa Ruangwa, meza nayo ikahamishwa, ikawekwa ofisini. Mkuu wa Idara wa kwanza alikuwa mkali, aliandikia hapo na kulia hapohapo. Wa pili alipenda karata kuliko kazi, Mungu amrehemu. Fundi Mkuu alikwishastaafu na kurudi kwao Nambilanje, lakini kila masika yakikaribia alikuja kuikagua. Akimaliza, alinishika mkono. "Mwanangu, mimi sikuacha mali. Hii isivunjwe." Nikamwahidi haitavunjwa.

Alifariki masika. Nilipopata habari niliondoka moja kwa moja kutoka nyumbani kwangu, pikipiki ikizama kwenye tope. Tulikuwa tunangoja kwenda makaburini gari la ofisi lilipoingia. Wakashusha sanduku la maiti. Lilikuwa jekundu, ndani limetandikwa kitambaa cha kijani, na kwenye kifuniko nikamwona simba. Meza ilikuwa imevunjwa.

Mkuu wa Idara wa tatu, mtu wa kanda ya ziwa, alinijia suruali imelowa tope. "Fundi, barabara imefungwa na mvua, mbao hakuna. Nikawaambia wenzako, mzee wetu alale kwenye mbao bora tulizonazo."

Hakujua kwamba sisi Waislamu tunamzika mtu na sanda yake tu. Jeneza ni la kubebea tu, hurudi msikitini. Nilimchukia. Kisha nikamwona anafuta machozi, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Watu walianza kunong'onezana. Mwishowe akasema kaka wa marehemu, mzee wa Kimwera: "Ntoto wa watu kaja na moyo wake, asirudi nalo. Mbao hizo zitafunika mwanandani."

Mwanandani ni ule mfereji wa chini kaburini alazwapo maiti, nao hufunikwa kabla ya udongo kumwagwa. Nikapewa nyundo. Niling'oa misumari mmojammoja, misumari ya kwanza na ya mwisho kuingia kwenye meza ile, huku nalia bila aibu. Nikashuka kaburini, nikazipanga mbao mwenyewe. Ile ya simba niliiweka upande wa kichwani.

Sasa nami nimestaafu. Vijana hunijia na simu zao. "Mzee, kuna tajiri Dar anasaka samani za kizungu za kitambo. Ile meza iko wapi?" Nawajibu iko kazini. Wanacheka, wanadhani uzee umenifika kichwani.

Masika yakikaribia naenda Nambilanje, kama alivyokuwa akija yeye. Namwombea dua, kisha natazama udongo, maana mbao zikioza, kaburi hutitia, udongo ukazama. Mwaka huu, upande wa miguuni, limeanza kutitia.