Udongo wa Wangui

Wainaina alipozikwa nyumbani kwao Waithaka, mke wake alizuiwa kumtupia udongo. Aliyemzuia ni Mbuthia, kaka mkubwa wa marehemu, na alimzuia mchana, mbele ya watu, kipaza sauti kikiwa wazi.

Mchungaji alikuwa amemaliza kuomba. Wangui akainama achote udongo, maana mjane ndiye hutangulia, hata mtoto anajua hilo. Mbuthia akamshika kiwiko.

“Wewe mama, hapa ni familia. Ngoja na majirani.”

Watu walisikia, wakatazama viatu vyao. Tena kabla ya hapo wasifu wa marehemu ulikuwa umesomwa, na msomaji akatamka bila aibu kwamba Wainaina hakujaliwa kuoa. Miaka kumi na minane Wangui alimpikia mtu huyo, akamfulia, na ini lilipomlaza akamgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Halafu hakujaliwa kuoa.

Sababu waliyoitoa ilikuwa mbuzi. Ni kweli mbuzi wa mahari hawakufika kwao Wangui, kule Ndeiya. Lakini baba yao Wainaina alikuwa amekufa zamani, na aliyetakiwa kuwaongoza wazee kwenda Ndeiya ni Mbuthia mwenyewe. Kila Desemba Wainaina alimkumbusha, na kila Desemba Mbuthia alijibu kwamba mwaka ujao ndio mzuri. Jambo alilolilalia yeye ndilo alilokuja kumhukumia mjane juu ya kaburi.

Wangui hakuwa mtu wa kelele. Hakusoma, hakuzaa mtoto aliyeishi, na mtaani walimwita Mama Gemu kwa sababu ya kibanda. Wainaina alikuwa fundi wa redio mjini, barabara ya Luthuli, na siku moja alirudi na mashine ya gemu iliyokufa, aliyopewa na familia moja ya matajiri wa mtaa wa Karen iliyotaka kuitupa. Akaifufua. Baadaye akaongeza nyingine, akatafuta tivi kuukuu, akajenga kibanda cha mabati kando ya njia. Vijana walilipia muda wao, wakacheza. Yeye alipokufa, Wangui aliendelea kufungua kila asubuhi, kufuta vumbi kwenye vioo na kuwasha jenereta stima ikipotea.

Mwaka ule vijana walikuwa wameshikwa na gemu moja ya vita. Ndani yake kuna shujaa, na shujaa ana wenzake wa safari. Mmoja wao ni tabibu mwembamba mwenye ndevu, ambaye vijana walimwita Daktari. Ukipigwa, anakutibu. Ukianguka, anakuinua. Hakuna aliyesafiri bila Daktari. Sasa, karibu na mwisho, Daktari huyohuyo anaichoma mahakama ya mji, na mahakimu wakiwa ndani.

Wa kwanza kufika hapo alikuwa Nashon, aliyefanya kazi machinjioni Dagoretti na kuja jioni na gambuti zake za mpira zikinuka.

“Aaai! Amewachoma!” akapiga kelele. “Daktari amewachoma wazee wote!”

“Toka hapa,” mwingine akamwambia. “Daktari yule mpole?”

“Si uone moshi! Na vile nimemnunulia koti jana! Koti ya nguvu!”

“Msaliti huyo. Mmalize.”

Gemu ilikuwa inauliza: umwue ama umwache aende. Nashon akamwua. Wiki ile kila aliyefika pale alimwua, na kila mmoja alitukana kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake.

Wangui alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vumbi.

“Kwani alikosewa nini?” akauliza.

“Nani?”

“Huyo Daktari.”

“Mama Gemu, hii ni gemu.”

“Najua ni gemu, mimi ndio nakulipisha. Nakuuliza alikosewa nini.”

Nashon akakuna kichwa. “Sasa nitajuaje? Huyo mzee anaongea mno. Ukimngoja amalize, muda wako umeisha na hujapigana hata na kuku. Kuna kidude hapa, unabonyeza, unamruka.”

“Wote mnamruka?”

“Wote. Nani atalipa kusikiza hadithi?”

Wakacheka. Wangui hakucheka. Yeye pia alikuwa na maneno, na alikuwa ameyapeleka kila mahali. Alimpelekea Mbuthia, akaambiwa wageni wanangoja. Alimpelekea mzee wa kanisa, akaambiwa afupishe. Alimpelekea chifu, na chifu akamsikiliza huku akiongea na simu, mwisho akasema, “Mama, tumekusikia,” na kumwonyesha mlango kwa mkono mzuri kabisa.

Kulikuwa na msichana aliyependa kupitia kibandani akitoka chuo mjini. Jina lake Debra, na alikuwa binti ya Mbuthia. Alikuja kwa siri kidogo. Wakiwa wawili alimwita Wangui “anti”, kama alivyomwita tangu utoto, wakati amu yake Wainaina angali hai. Baba yake akiwa karibu alisema “Mama Gemu” kama watu wengine.

“Debra,” Wangui akamwambia, “cheza hii tangu mwanzo. Silipishi. Lakini usimruke huyo mtu. Kila anachosema, nigeuzie kwa Kiswahili.”

Wakakaa alasiri kadhaa, vijana wakiwa kazini. Daktari akaongea. Katika mji wa kwanza alieleza, tena kwa upole, kwamba nyuma ya ukuta wa mahakama wamefungiwa wagonjwa ambao hawajakosa chochote, na wanafia humo. Alimwomba shujaa aongee na mahakimu. Hapo gemu ilimpa Debra majibu matatu: nitakusaidia, si sasa, au nyamaza.

“Sema utamsaidia,” Wangui akasema.

Debra akachagua hilo. Daktari akashukuru, wakaendelea na safari, wakaua mazimwi, wakauza panga. Mji wa pili Daktari akaomba tena. Debra akaahidi tena.

“Sasa si umsaidie?”

“Haiwezekani, anti. Nimezunguka kila mahali. Ukisema utamsaidia, anafurahi, lakini gemu haina njia ya kwenda huko. Hawakuitengeneza.”

“Kwa hiyo ni kumdanganya tu.”

“Ni kama.”

Mji wa tatu sauti ya Daktari ilikuwa nyingine, hata asiyejua Kiingereza aliisikia. Alisema wangapi wamekufa tangu aanze kuomba. Mji wa nne aliongea maneno machache. Mji wa tano Debra alimsogelea, akabonyeza amwongeleshe, naye hakusema kitu. Akamtibu shujaa vidonda, basi.

“Amenyamaza,” Debra akasema. “Labda amezoea.”

“Hajazoea,” Wangui akajibu. “Huyo sasa mwogope.”

Na alipotamka hivyo akakumbuka kwamba hata yeye hajaenda kwa Mbuthia tangu mvua zianze. Watu walikuwa wamemsifu kanisani kwa ajili hiyo. Walisema Mungu amempa utulivu.

Siku hiyohiyo Debra, akifunga mkoba wake, alimpa habari. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu mazishi. Kungekuwa na ibada ya ukumbusho, na baba yake alikuwa ameita fundi wa kulijengea kaburi simiti na marumaru.

Wangui akaketi. Mwaka mzima alikuwa amejiambia udongo bado upo, kaburi bado liko wazi kwa mkono wake, ni siku tu haijafika. Simiti ikimwagwa, basi tena. Hakuna mjane anayetupa udongo juu ya marumaru.

“Debra, mwambie baba yako. Sitaki shamba, sitaki nyumba, sitaki kutajwa kwa redio. Kabla hajaweka simiti, aniache nitupe udongo wangu, na watu wawepo. Utamwambia?”

“Nitamwambia, anti.”

Wangui akamwangalia usoni. Jibu hilo alikuwa amelisikia kwenye tivi.

Siku ya ibada alivaa gauni lake la kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Hakubeba kitu. Alikwenda akijipa moyo kwamba Debra amesema. Alipopita lango aliona hema, viti, sufuria za pilau, na nyuma ya hema kaburi lenye marumaru ya kijivu, simiti ya pembeni bado ina rangi ya maji. Debra alikuwa kwenye safu ya familia. Macho yao yalipokutana, Debra akainamisha kichwa.

Wangui akamwendea Mbuthia pale alipokuwa akipokea wageni.

“Baba Debra, neno moja tu.”

“Si sasa, mama.”

“Ni udongo. Nilituma mtu aniombee kwako.”

“Hakuna aliyeniambia kitu. Mchungaji anangoja. Tutaongea baadaye.”

“Baadaye lini?”

“Wewe mama,” Mbuthia akasema, akitabasamu kwa ajili ya wageni, “kaa na majirani.”

Wangui akageuka. Alizunguka hema taratibu, watu wakampisha wakidhani anatafuta kiti. Fundi alikuwa ameacha vifaa vyake kando ya ua, na miongoni mwavyo nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Akaiinua. Kwaya ilikuwa inaimba. Pigo la kwanza lilipotua, wengi walidhani hema limeanguka. Kwaya ikakatika. Simiti ilikuwa changa, ikapasuka hadi pembeni, na marumaru yakaruka kama vigae vya chungu. Akapiga tena, na tena, bila kulia, bila kusema, na wanawake ndio waliopiga mayowe.

“Mama Gemu! Mama Gemu amekuwa wazimu! Anamfukua mumewe!”

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba ni mumewe.

Tundu lilifunguka. Wangui akaona udongo, mwekundu, mbichi. Akaitupa nyundo, akapiga magoti, akapeleka mkono. Mbuthia akamdaka kifundo cha mkono kabla hajafika, na wanaume wengine wakamvuta kwa miguu. Alipogeuzwa aliona Debra amekaa chini, leso usoni, na leso imelowa damu. Kipande cha marumaru kilikuwa kimempasua juu ya jicho.

Usiku huo alilala kituo cha polisi. Chifu alimtoa kwa onyo kwamba asikanyage tena boma lile.

Mtaani kulikuwa na maneno. “Na vile alikuwa mpole!” “Alikuwa anatuwashia jenereta.” “Kumbe ana roho hiyo!” Nashon alirudi kibandani baada ya siku chache, akasimama mlangoni na gambuti zake, akasema, “Mama Gemu, leo hutuchomi?” na vijana wakacheka, lakini walikaa karibu na mlango. Walikuwa na habari yote: nyundo, marumaru, damu, mayowe. Alikosewa nini, hakuna aliyeuliza.

Debra alishonwa, kovu likabaki kwenye nyusi. Wangui hakuweza kwenda kwao, kwa hiyo alimngoja kwenye kituo cha basi anaposhukia akitoka chuo.

“Nisamehe, Debra. Ile haikuwa yako.”

“Sikumwambia baba, anti. Nilijaribu mara mbili, nikaogopa.”

“Najua.”

“Ningemwambia, angekubali?”

“Hilo sijui. Ningejua ni yeye amekataa.”

Debra akasema amesamehe. Alisema “anti” pale njiani, watu wakipita.

Kosa hilo la Wangui limesemwa na kusamehewa. La Mbuthia halijaguswa. Ameliziba tundu kwa simiti mpya, akazungusha waya, na Jumapili anakaa kiti cha mbele. Anachodaiwa si shilingi wala mbuzi. Anadaiwa awaite watu walewale, ashike kipaza sauti, aseme kwa kinywa chake kwamba ndugu yake alikuwa na mke, jina lake Wangui, na kwamba safari ya Ndeiya aliikalia yeye. Kisha afungue simiti, walau upana wa mkono mmoja, na asimame kando mpaka mjane amalize.