Nguo Nzito

Dada yangu ni fundi cherehani, na ukitaja "nguo nzito" mbele yake atakukata jicho mpaka ujute. Watu wote wakiona baridi husema hivyo: vaa nguo nzito. Yeye huuliza, "Nzito ya kilo au nzito ya joto?" Mtaani wamembatiza Mama Kilo. Hata mimi mdogo wake nimemchoka, maana shali yangu mpya aliipima mkononi kama nyanya.

Mumewe alikuwa mpagazi, akipandisha mizigo ya wageni mlimani. Baridi ilimuua huko juu. Hakupotea njia wala hakuanguka, kwa hiyo watu wakapata la kusema: alikuwa amelewa. Dada hakuwajibu hata siku moja, na mimi nilimwona ana moyo mgumu.

Juzi binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuja kutuaga. Amepata kazi ileile ya baba yake. Alipovua koti pale kwenye chumba cha kushonea, tukaona ndani amevaa fulana ya marehemu, pamba tupu, nene kama blanketi.

"Nataka nipande na baba," alisema.

Dada akaacha kukanyaga cherehani. "Ivue."

"Mama, si nguo nzito hii?"

Nilingojea ule mzaha wa kilo. Haukuja. Dada alitoa kabatini fulana nyembamba, akachomoa uzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Umesikia? Hii ni sufu, manyoya ya kondoo. Ikilowa jasho bado ina joto. Hiyo pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Ukisimama kupumzika, upepo unakukuta umelowa. Inayogusa ngozi iwe nyembamba, ikubane kidogo. Unene utauweka juu yake, sweta na koti."

"Itaniwasha."

"Ikuwashe."

Binti akapandwa na hasira. "Tangu baba afe humtaji. Kimebaki hiki tu, nacho unataka nikivue. Mama mdogo, mwambie basi."

Nikafungua mdomo nimtetee mtoto. Dada akaniwahi.

"Baba yako alikuwa na nyembamba yake ya kazi, ya sufu kama hii," alisema, akitazama sakafu. "Asubuhi ile niliona baridi imezidi, nikamvua kwa mikono yangu. Nikamwambia, fulana gani hii kama leso, vaa nguo nzito mume wangu. Nikamvalisha pamba. Hiyo uliyovaa ni pacha wake, nilizinunua pamoja. Wenzake waliniambia alipanda akitoka jasho, kisha wakasimama kwenye upepo kuwasubiri wageni waliochoka. Hakuwa amelewa. Hakunywa kitu."

Tumezaliwa tumbo moja, na sikuwa najua. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia kwa kulibeba peke yake miaka yote hiyo, huku sisi tukimcheka.

Binti alitugeuzia mgongo, akaivua ile pamba, akavaa sufu. Alijikuna shingo. Akakaa, akaikunja fulana ya baba yake juu ya magoti.

"Ulipomvalisha, alisemaje?"

Dada aliyapangusa macho kwa kipande cha bitana.

"Alisema, ahsante mke wangu. Sasa nimepata joto."