Nilicheka Nusu, Nusu Nyingine Ikanikuta Katonga

Jamani, nimekosa. Na msinihurumie kabla hamjamaliza kusoma, maana huruma ya watu mimi najua kuiiba. Mdomo ndio kazi yangu.

Nimeishia darasa la saba. Nabeba dagaa pale ufukweni Katonga, Kigoma, na nikichoka kubeba nilikuwa naigiza watu. Mzee wa ushuru anavyotembea, nahodha akitapika, mama ntilie akidai sahani yake. Wabebaji wenzangu walikuwa wanasema, "Wewe ukifa tutacheka hata makaburini!" Nilijiona mfalme.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kutoka Kongo. Asubuhi mitumbwi inaingia imejaa watu, magodoro, sufuria na mbuzi. Wengi walipandishwa malori kwenda kambini. Wenye ndugu mjini walijibanza kwa ndugu.

Mmoja wao, Mama Riziki, alikuwa kwa shangazi yake, mtaa wa Buzebazeba. Kila asubuhi anakuja Katonga, mtoto mgongoni, amevaa kitenge cha njano chenye kasuku wawili. Kilekile kila siku! Anasimama karibu na mizani, anatazama ziwa.

Siku moja nikamchokoza. "Shikamoo mama. Hivi wewe huna nguo nyingine?"

Hakukasirika. "Marahaba. Hiki nilivaa siku ya ndoa. Mutumbwi ulijaa, bwana yangu akabaki ng'ambo. Akaniambia, 'Uvae hiki, nitakuona toka mbali.' Sasa nikivaa kingine, atanijuaje?"

Yashikeni hayo maneno. Mimi niliyasahau kesho yake!

Nilikuwa nimepanga chumba Katubuka kwa Bi Mwamvua, na mtaa mzima mwenye televisheni alikuwa yeye. Alhamisi jioni anaitoa dirishani, sisi tunakaa uani kwenye mikeka kuangalia kichekesho. Alhamisi moja kilikuwa cha mzee anayekwenda stendi kila siku kumngoja mkewe aliyesafiri. Amevaa koti la harusi limembana mpaka mikono imesimama kama ya kuku wa kukaanga. Basi likifika anamuuliza konda, "Kashuka?"

Konda anamjibu, "Kashuka nyuma kununua ndizi!"

Kesho yake tena, "Kashuka?" "Yuko kwenye buti na mbuzi!"

Tulicheka mpaka Bi Mwamvua akamwaga chai. Halafu pap! Umeme. Mnaujua umeme wa Kigoma yetu siku zile. Tukazomea giza, tukatawanyika. Mwisho wake hatukuuona.

Lakini mimi nusu ilinitosha.

Kesho yake nikajifunga turubai la njano, nikabeba ndoo mgongoni kama mtoto. Mtumbwi ulipogusa mchanga nikaenda kusimama ubavuni kwa Mama Riziki, nikatoa sauti ya yule mzee: "Kashuka?"

Mwenzangu akajibu, "Kashuka nyuma kununua ndizi!"

Katonga nzima ikaanguka! Wauza samaki walishika mbavu. Mama Riziki akaitazama ndoo, akalitazama turubai, akatabasamu kidogo kama mtu anayeomba radhi. Mimi nikajua amefurahi. Ujinga gani ule!

Nikairudia kila siku. Siku ya tatu watoto wa Buzebazeba wakaanza kumfuata njiani, "Kashuka? Kashuka?" Siku ya tano hakuja. Ya sita hakuja. Nilimkumbuka kidogo, si kwa wema, ni kwa sababu mchezo ulipoa bila yeye.

Jumamosi ya wiki iliyofuata ukaingia mtumbwi na mgonjwa amelazwa juu ya magunia. Amekonda, anachemka homa. Mimi ni mmoja wa waliomshusha. Akanishika mkono, kwa vidole vikavu vile, akaniuliza taratibu, "Kaka, hapa hakuna mama wa kitenge cha njano?"

Wenzangu wakageuka kunitazama. Wanangoja. Aliyezoea kuchekesha watu atanielewa: ukitazamwa hivyo, mdomo unakutangulia.

"Kashuka nyuma kununua ndizi!"

Wakacheka. Yule mtu naye akacheka kidogo, kwa adabu, nafikiri alidhani ndivyo tunavyopokea wageni. Kisha akageuza shingo, akatazama nyuma. Wakampandisha gari kumpeleka hospitali. Mimi nikaenda kunywa uji.

Jumapili alasiri wakarudia kile kichekesho. Umeme ukakaa mpaka mwisho. Laiti ungekatika!

Kumbe kuna konda mpya anamcheka mzee. Konda wa zamani anamvuta pembeni, "Mkewe alifariki. Mzee anajua, alimzika mwenyewe." Kesho yake basi linaingia, mzee yupo na koti lake. "Kashuka?" Yule konda mpya hatanii tena. Anashuka, anamfunga kifungo cha koti, anamwambia, "Kafika salama, mzee. Anakusalimia." Mzee anacheka, anavua koti, analikunja vizuri, anarudi nyumbani. Ikaishia hapo.

Uani watu wazima wanafuta macho kwa kujificha. Bi Mwamvua akanigeukia na khanga machoni. "We mtoto, si ndiyo unayomfanyia yule mama wa Kongo?"

Nilikuwa nahisi vile vidole vikavu mkononi. Kitenge cha njano! Mungu wangu!

Nilikimbia pekupeku mpaka Buzebazeba. Nikamkuta Mama Riziki anachambua mchele, amevaa khanga iliyopauka.

"Mama, kitenge kiko wapi?"

"Nimekiweka. Nilichoka kuchekwa."

"Kivae! Amefika!"

Alikifunga huku anakimbia. Mtoto nilimbeba mimi mpaka hospitali.

Mumewe alikuwa amefariki alfajiri ile.

Mama Riziki alivua kile kitenge, akabaki na khanga, akamfunika nacho mumewe mpaka shingoni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Uliongea naye?"

"Ndiyo, mama."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza mama wa kitenge cha njano."

"Na wewe ulimujibu nini?"

Jamani! Mdomo huu! Nilisema, "Nilimwambia ulifika salama. Nikamwambia unakuja."

Akashusha pumzi ndefu. Akaniwekea mkono kichwani. "Asante, mutoto wangu. Basi alikufa akijua."

Tangu siku hiyo ananiita mwanangu. Akipika sombe, kisamvu cha kwao, ananitengea sahani. Riziki ameanza kusema, ananiita kaka. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie ukweli! Nikimwambia, namnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Nisipomwambia, nakula sahani ya mtu niliyemwibia. Hajui kusoma, ndiyo maana nimethubutu kuandika hapa. Mniite mwoga, ni haki yenu.

Wenzangu wanasema nimekuwa mzito. Siigizi tena.

Wewe unayechekesha mtaani, kabla hujamwigiza mtu, muulize kwanza anamngoja nani. Na jibu atakalokupa, usilisahau kesho yake kama mimi! Mgonjwa akikuuliza swali, mjibu swali lake, hata kama watu wanangoja kucheka.

Maana yule baba alipogeuza shingo kutazama nyuma, hakuwa ananipuuza. Aliniamini. Alikuwa anamtafuta mkewe kwenye ndizi.