Siku Niliyomwita Mjomba Mteja

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naikumbuka kwa uso ulioinama, ingawa mvi zimeanza kunitoka na watu wa hapa Guangzhou, Uchina, huniita mwalimu.

Nilikuwa mwanafunzi, nikiishi kwa mjomba wangu, mfanyabiashara wa Tanga mwenye ofisi ndogo ya mizigo katika jengo la Tianxiu. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nilipofaulu mitihani alinipeleka Japani kunipongeza, pamoja na msafara wa Wachina, tukatazame uwanda wa mawe ya chokaa. Huko mawe meupe yametokeza majanini kama kondoo waliolala, na chini yake mna pango linalotapika mto mzima.

Kwao mjomba pango ni makao ya mizimu, haliingiwi hivi hivi. Alipofika mlangoni alivua viatu, akainama, akaita: "Hodi, wenyewe. Sisi wageni, hatukuja kwa shari."

Msafara ukacheka. Bibi mmoja akampiga picha. Kiongozi wetu, msichana mchangamfu, akaniuliza kwa Kichina, "Huyu mzee ni nani wako?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikajibu, "Mteja wangu tu. Mimi ni mkalimani."

Nilisahau kwamba mtu aliyegombania bei katika soko la Shahe miaka na miaka hawezi kukosa kulielewa neno mteja kwa Kichina. Mjomba alivaa viatu, akatangulia kuingia. Mle ndani maji yamejenga vibakuli vya mawe, kimoja juu ya kingine, tone kwa tone, lakini sikuuona uzuri wake. Niliuona mgongo wa mjomba.

Tulipopanda uwandani aliketi juu ya jiwe. "Mkalimani," akaniambia taratibu, "mteja wako ana kiu."

Nilikuwa nikimpa mjomba maji, yule kiongozi alipomjia, akamwuliza yeye mwenyewe kama kweli namfanyia kazi. Nikangoja kuumbuka. Mjomba akajibu kwa Kichina chake cha sokoni: "Kweli. Kijana hodari. Ukipata wateja Waafrika, mpe kazi."

Alinisitiri kwa uongo wangu mwenyewe. Sijapata kuchapwa fimbo kali kuliko ile.

Garini nilimwomba radhi. "Nimekwisha kusamehe," alisema. "Lakini mama yako na mimi ni tumbo moja. Ukinikana mimi leo, kesho yeye utasema ni nani wako?"



Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza kwamba bwana wa mtumwa huyo ni macho ya wapita njia. Nawaona vijana wa leo hapa mtaani Dengfeng wakitangulia mbele ya mama zao waliojifunga kanga, wakijifanya hawasikii wakiitwa. Usiwe miongoni mwao. Anayekucheka leo kesho hutamwona; atakayekuosha ukifa ni wako. Ukiulizwa huyu ni nani, jibu upesi, kabla haya hazijakushika: ni wangu.

Mola akupe ulimi usiowakana walio wako. Na siku utakapochekwa wewe, akujaalie mtu wa kusimama akakukiri.