Siku Baba Mueni Alipowekewa Mikono

Kanisa letu la makuti pale Mwabungo lilinukia hamira. Kila Jumapili Baba Mueni, jirani yetu mwenye asili ya bara, alifika moja kwa moja kutoka jiko la hoteli ya Diani alikookea mikate, akasimama mbele na unga bado mikononi, akatufundisha Neno. Mchungaji wetu alikuwa amerudi bara baada ya ule mwaka wa hofu, watu wa bara walipofukuzwa huku pwani, na washirika waliobaki walimwomba Baba Mueni atushikie kanisa kwa muda tu. Muda ukarefuka hadi akaanza kwenda Likoni kusomea uchungaji siku zake za mapumziko. Mimi, mtoto wa maswali, nilitaka kujua mtu hugeukaje kuwa mchungaji. Je, sauti hubadilika? Nilimchungulia uani akichota maji na kufukuza kuku, nisione tofauti yoyote.

Mwishowe ikaja habari kwamba wazee wa kanisa watatoka bara kuja kumwekea mikono. Baba Mueni akaacha kazi ya hoteli, na mtu wa kwanza kumwalika alikuwa Mzee Hamisi, jirani yetu Mdigo, ambaye mwaka ule wa hofu aliwaficha Mueni na mamake chumbani kwa mkewe. Kwetu, kila mnyama wa sherehe alichinjwa na Mzee Hamisi, ili Waislamu na Wakristo tupakue sufuria moja. Lilikuwa jambo la kawaida mno hata hakuna aliyekumbuka kuwaeleza wageni. Walifika Jumamosi na mbuzi wao mnono, na alfajiri, kwa moyo mweupe kabisa, wakamchinja wenyewe.

Baba Mueni alimkuta akining'inia kwenye mkorosho, nusu ameshachunwa. Akamweleza kiongozi wa wageni kwamba jirani zake hawataweza kula nyama ile, hivyo itabidi wangoje mbuzi mwingine. Yule mzee akasema basi wapewe wali na soda; mtu anayetengwa kwa kazi ya Mungu haanzi kwa kuomba ruhusa ya dini nyingine, na ibada ikicheleweshwa wao watapanda gari warudi kwao. Niliogopa kwelikweli. Kazi ya mikate ilikuwa imeshakwenda, na sasa uchungaji nao ulikuwa unakwenda.

“Mzee,” Baba Mueni akasema polepole, “mkiniwekea mikono huku Mzee Hamisi amekaa na njaa uani kwangu, kesho nitamhubiria nani hapa?”

Mama Mueni hakungoja jibu: alimfungua mbuzi wake mwenyewe, yule wa maziwa ya chai, akamburura hadi kwa Mzee Hamisi, nami nyuma yao kwa udadisi wangu. Tulimkuta ameshavaa kanzu nyeupe. Aliposikia kisa akacheka kidogo.

“Ningekuja tu, mwanangu, hata kwa chai ya rangi.”

Hata hivyo alivua kanzu, akachukua kisu, akamwelekeza mbuzi kibla. Yule mzee wa bara alitazama kutoka mbali, mikono kifuani, kisha akasogea, na baadaye nikamsikia akimuuliza Mzee Hamisi kisu hicho ananolea jiwe gani. Mbuzi wa wageni alipikwa katika sufuria ya peke yake. Ibada ilianza jua likiwa utosini. Nilitega sikio Baba Mueni alipoinuka chini ya mikono ya wazee. Sauti ilikuwa ileile ya asubuhi pale mkoroshoni.

Siku hizi ninaishi Ukunda, na kanisa ni la mawe. Mwanangu alipobatizwa, nyama ilitoka buchani ikiwa na muhuri wa halali, viti vilikuwa vya kukodi, na kila mgeni akala bila wasiwasi. Ni rahisi zaidi, siwezi kukataa. Hatukulazimika kumwita mtu yeyote aje kuchinja. Nyuma ya ukuta wangu inaishi familia nisiyoijua hata jina, na siku ile walikaa kwao wakisikiliza vicheko vyetu.